Alichokula Nguruwe

Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma daktari Joseph Goldberger, mzaliwa wa Hungaria, kwenda majimbo ya kusini kutafuta chanzo cha ugonjwa uliokuwa ukiua maskini kwa maelfu. Uliitwa pelagra. Mgonjwa alianza kubabuka ngozi ya mikono, shingo na miguu, popote jua lilipomfikia. Kisha kuhara kulimkamata, ulimi ukavimba na kuwa mwekundu, na mwishowe akili ikavurugika. Wengi walifia katika hospitali za wagonjwa wa akili. Madaktari wakubwa wa wakati huo walishikilia kwamba huo ni ugonjwa wa kuambukiza. Goldberger alipotembelea hospitali hizo na vituo vya yatima aliona jambo ambalo wenzake walilipita: wagonjwa na yatima waliugua, lakini wauguzi na watumishi waliokuwa nao usiku na mchana hawakuugua. Akaanza kuuliza nani anakula nini.

Majibu aliyoyapata ndiyo yanayonifanya nianzie huko historia hii ya nguruwe na nyama yake. Wakulima wa kusini, weusi kwa weupe, walikula vitu vitatu mwaka mzima: unga wa mahindi, molasi na nyama ya nguruwe. Kwa hiyo hawa walikuwa watu wanaokula nyama, tena karibu kila siku, na bado walikuwa wanakufa kwa utapiamlo.

Nyama yenyewe ilikuwa shahamu ya mgongoni: bamba nene jeupe lililokandikwa chumvi, lenye uzi mmoja au miwili ya mnofu, na mara nyingi bila hata huo. Ilikatwa vipande, ikakaangwa, mafuta yaliyochuruzika yakamwagiwa ugali. Gramu 100 za shahamu ya namna hiyo zina nguvu ya kilokalori zaidi ya 800 na mafuta yanayokaribia gramu 90, lakini protini ni gramu 3 hivi. Inashibisha, inampa mtu nguvu ya kushika jembe mpaka jioni, na haina karibu chochote cha kujenga mwili. Mapaja na nyama ya kiunoni ya nguruwe yule yule vilikwenda kwa watu wenye fedha.

Walikula hivyo kwa sababu walikuwa wamefungwa na deni. Mkulima wa nusu kwa nusu alilima pamba kwenye ardhi ya mtu mwingine, na pamba hiyo ilipandwa hadi mlangoni, bila kuachiwa nafasi ya bustani ya mboga wala malisho ya ng'ombe wa maziwa. Chakula alikichukua kwa mkopo katika duka la mwenye shamba, akilipa kwa mavuno yajayo kwa bei aliyopangiwa. Duka liliweka kile kisichooza na kinachouzwa rahisi. Shahamu yenye chumvi haiozi.

Goldberger aliongeza maziwa, mayai, nyama na kunde katika mlo wa vituo viwili vya yatima mjini Jackson, jimbo la Mississippi, na mwaka uliofuata pelagra ikawa karibu imetoweka humo. Halafu akafanya kinyume chake. Mwaka 1915, katika shamba la magereza la Rankin karibu na Jackson, wafungwa walijitolea kulishwa chakula cha kawaida cha maskini: mikate, ugali wa kukaanga, wali, viazi vitamu, mchuzi na shira ya miwa. Gavana Earl Brewer aliwaahidi msamaha. Kati ya wafungwa 11 waliofika mwisho wa jaribio, 6 walipata pelagra. Wapinzani hawakukubali. Mwaka uliofuata Goldberger, mkewe Mary na wenzake wakajidunga damu ya wagonjwa na hata kumeza magamba ya ngozi zao, na hakuna aliyeugua. Alikufa mwaka 1929 akiwa bado hajakijua kirutubisho chenyewe. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aligundua kuwa ni niasini, moja ya vitamini za kundi B. Mnofu wa nguruwe una niasini ya kutosha. Shahamu ina kidogo mno.

Namstahi sana daktari huyu, kwa sababu alithubutu kusema hadharani kwamba dawa ya pelagra ni mshahara unaotosha kununua chakula cha maana, na wanasiasa wa kusini wakamchukia kwa hilo.

Tuseme basi mnofu una nini. Gramu 100 za mnofu mbichi zina protini ya gramu 20 hivi, sawa na ya ng'ombe au kuku, na ni protini yenye viungo vyote ambavyo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea. Ng'ombe anamshinda nguruwe kwa madini ya chuma, zinki na vitamini B12. Lakini katika vitamini B1, yaani thiamini, nguruwe hana mpinzani machinjioni. Gramu hizo 100 zinaweza kuwa na miligramu 0.8 hadi 1 ya thiamini, wakati nyama ya ng'ombe kwa kawaida haifikishi 0.1. Mwanamume mzima anahitaji miligramu 1.2 kwa siku, mwanamke 1.1. Jikoni kiasi fulani hupotea, hasa nyama ikichemshwa na supu ikamwagwa, lakini kinachobaki bado ni kingi.

Thiamini hiyo ina historia inayomgusa nguruwe moja kwa moja. Katika kisiwa cha Java, Wadachi walikuwa wakipambana na beriberi, ugonjwa unaolegeza miguu na kuua moyo, uliowashika wala wali mweupe waliokobolewa mchele wao hadi ukang'aa. Mwaka 1926 wakemia Jansen na Donath walifanikiwa kutoa chembe safi za vitamini hiyo, na waliitoa kwenye pumba za mpunga. Kile ambacho mashine ilikiondoa kwenye chakula cha binadamu ndicho kilichokuwa kinamponya. Na pumba, huko Asia kama huku kwetu, ni chakula cha nguruwe. Mnyama huyu anakula ganda tulilolitupa, anaihifadhi thiamini yake katika misuli kuliko mnyama mwingine yeyote tunayemfuga kwa nyama, kisha anaturudishia. Nguruwe akilishwa chakula chenye thiamini kidogo, mnofu wake nao unapungukiwa.

Hii inatokana na tumbo lake. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne ambamo bakteria huchachua majani, hutengeneza vitamini za kundi B na kubadili mafuta kabla hayajafika mwilini, ndiyo maana shahamu ya ng'ombe haibadiliki sana hata malisho yakibadilika. Nguruwe ana tumbo moja, kama sisi. Mafuta anayokula yanakwenda kukaa chini ya ngozi yake karibu yalivyo. Nguruwe weusi wa Extremadura huko Hispania, wanaomalizia miezi yao ya mwisho porini wakila matunda ya mialoni, wana mafuta laini yanayofanana kwa kiasi kikubwa na ya zeituni. Mfugaji anayelisha dagaa hadi siku ya kuchinja atasikia mteja analalamika kuwa nyama inanuka samaki. Kwa hiyo anayeuliza kama nyama ya nguruwe ni nzuri au mbaya kwa mwili hajauliza vya kutosha. Aulize nguruwe alikula nini, na ni kipande gani kimefika mezani.

Undugu wa binadamu na mnyama huyu ulianzia jalalani. Miaka 9,000 hadi 10,000 iliyopita, katika nyanda za juu ambazo leo ni kusini mashariki mwa Uturuki, mahali kama Çayönü, nguruwe mwitu walianza kusogelea vijiji kufuata makombo. China nayo ilimfuga kwa njia yake, bila kuiga. Katika makaburi ya enzi ya Han, miaka 2,000 iliyopita, vimekutwa vinyago vya udongo vinavyoonyesha banda la nguruwe limejengwa chini ya choo, ili kinachodondoka kiliwe. Wengine walimkataa kabisa. Torati ilimharimisha, Qurani ikamharimisha, na katika pwani yetu, Zanzibar na Lamu, nguruwe hana historia ya jikoni, na haitegemewi awe nayo. Nawaandikia pia wasomaji hao, maana sehemu kubwa ya habari hii, kama itakavyoonekana, inawahusu hata wasiomla.

Nguruwe mwenye bamba la shahamu aliyewalisha watu wa Mississippi alitengenezwa na mahindi. Wakulima wa bonde la Ohio katika miaka ya 1800 walikuwa na mahindi kupindukia na barabara za tope. Kusafirisha gunia kulikula faida yote. Nguruwe alilila hilo gunia, akatembea mwenyewe hadi mjini. Cincinnati ilichinja wengi mno hata ikabandikwa jina la Porkopolis. Wakati huo mafuta ndiyo yaliyokuwa bidhaa: yalikaangia chakula, yaliwaka kwenye taa, yalitengeneza mishumaa na sabuni. Kampuni ya Procter & Gamble ilianzishwa mjini humo mwaka 1837 kwa biashara hiyo ya mishumaa na sabuni. Mfugaji alichagua mbegu inayonenepa hadi tumbo linaburura chini. Baadaye mafuta ya taa yakazima taa za shahamu, na mwaka 1911 kampuni hiyo hiyo ikaleta Crisco, mafuta ya kupikia yaliyotokana na mbegu za pamba. Nguruwe wa mafuta alianza kupoteza soko, ingawa ilichukua miongo kadhaa mpaka mwili wake ubadilike.

Denmark ilikuwa imekwisha kubadilika. Mwaka 1887 Ujerumani ilifunga mpaka wake kwa nguruwe hai kutoka Denmark. Wakulima wa Denmark, waliokuwa wamezoea kuwapeleka nguruwe wao hai kuvuka mpaka, walibaki nao mikononi. Mwaka huo huo, katika mji wa Horsens, walifungua machinjio ya kwanza ya ushirika, kila mkulima akiwa na kura moja bila kujali ana nguruwe wangapi, wakaanza kuwauzia Waingereza bekoni badala ya kuwauzia Wajerumani nguruwe hai. Miaka mitano kabla ya hapo walikuwa wameanzisha ushirika wa maziwa huko Hjedding. Viwanda vya siagi vilichukua malai, na maziwa yaliyobaki, yasiyo na mafuta lakini yenye protini tele, yalirudishwa shambani kwa nguruwe. Protini iliingia, mnofu ukatoka. Mwingereza alitaka bekoni yenye mnofu mrefu na shahamu nyembamba, nao wakamzalisha nguruwe aina ya Landrace, mrefu wa mgongo, mwepesi wa mabega. Kuanzia mwaka 1907 walikuwa na vituo vya kupima watoto wa kila dume: wanakua haraka kiasi gani, wanakula kiasi gani, shahamu yao ina unene gani. Siri hiyo waliilinda kwa wivu, wakizuia Landrace hai kuuzwa nje. Nguruwe wengi weupe wanaofugwa leo Kiambu, Moshi au Mbeya wana damu ya Landrace au ya Large White wa Uingereza.

Walowezi wa Kenya walitaka kurudia hesabu hiyo hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, reli ikiwa imekwisha kupita, waliingiza nguruwe kutoka Seychelles na Uingereza, na kiwanda cha bekoni kikajengwa Uplands, karibu na Limuru, kando ya reli. Malai yalikwenda kiwandani, maziwa yaliyobaki na mahindi yakaenda kwa nguruwe. Bekoni iliuzwa Nairobi, kwenye mahoteli na kwenye meli. Wafanyakazi Waafrika waliochinja, kukwaruza manyoya na kukandika chumvi walilipwa ujira ambao haukuwawezesha kuinunua. Septemba 1947, wiki chache baada ya serikali kumkamata kiongozi wa wafanyakazi Chege Kibachia, waligoma. Polisi wakafyatua risasi, watu watatu wakauawa. Katika historia ya mapambano ya Kenya jina Uplands linapaswa kutajwa mara nyingi zaidi kuliko linavyotajwa.

Lakini miaka mingi kabla ya mgomo huo, walowezi walikuwa wamekutana na jambo ambalo halikuwa katika hesabu ya Denmark. Nguruwe wao walikuwa wanakufa. Mnyama aliyelala mzima alikutwa asubuhi ana homa kali, amejikunja na wenzake pembeni mwa banda, masikio na tumbo vimegeuka rangi ya zambarau, na baada ya siku chache zizi zima lilikuwa tupu. Daktari wa mifugo wa serikali, R. Eustace Montgomery, alichunguza milipuko 15 na mwaka 1921 akachapisha matokeo. Nguruwe 1,366 walihusika. Waliokufa ni 1,352.

Montgomery alionyesha kuwa huu haukuwa ugonjwa wa homa ya nguruwe uliojulikana Ulaya, kwa sababu kinga ya ule haikuwasaidia wanyama dhidi ya huu. Alishuku ngiri na nguruwe mwitu. Na alikuwa sahihi: ngiri walikuwa wanaubeba ugonjwa bila kuugua. Ulikuwa ni ugonjwa wa kale wa nyika zetu, ambao leo unaitwa homa ya nguruwe ya Afrika, ulioishi kwa amani na wanyama wake kwa muda usiohesabika, hadi alipoletwa mgeni wa rangi ya waridi asiye na kinga yoyote. Njia iliyopendekezwa ilikuwa uzio: nguruwe wa nyumbani wasikutane na wa porini.

Ilibaki fumbo moja. Ngiri mzima ana virusi vichache mno katika damu yake, na nguruwe akiwekwa naye zizi moja mara nyingi haambukizwi. Je, ugonjwa unapitia wapi? Jibu lilikuwa kwenye shimo la ngiri. Mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake, watafiti waliokuwa Muguga nchini Kenya, walitangaza kwamba wamepata virusi hivyo ndani ya papasi waliokusanywa kwenye mashimo ya wanyama nchini Tanzania. Papasi! Ni wa jamii moja na mdudu anayejificha kwenye nyufa za nyumba za udongo na kuleta homa ya papasi kwa watu. Watoto wa ngiri huzaliwa shimoni na kukaa humo wiki zao za kwanza, papasi wakiwanyonya damu. Katika siku hizo wanaambukizwa, virusi vinajaa kwenye damu yao kwa muda mfupi, papasi wengine wanavichukua, kisha vinapungua bila mtoto kuugua. Duara hilo halimhitaji nguruwe wa nyumbani hata kidogo. Plowright ndiye aliyekuwa ametengeneza pia chanjo ya sotoka ya ng'ombe huko huko Muguga, chanjo iliyosaidia kuifuta sotoka duniani. Homa ya nguruwe ya Afrika haikumkubalia.

Ugonjwa huu hauambukizi binadamu, na hilo ni la kushukuru. Lakini unaishi ndani ya nyama kwa miezi, ikiwa imegandishwa, imekaushwa au imetiwa chumvi. Hapo ndipo swali la alichokula nguruwe lilipogeuka kuwa msiba wa dunia. Mwaka 1957 nguruwe waliofugwa karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon walilishwa makombo ya chakula cha abiria. Ureno wakati huo ilikuwa bado inaitawala Angola. Inaaminika kuwa katika makombo yale mlikuwa na nyama kutoka Afrika. Ureno ilizima mlipuko, ukarudi mwaka 1960, ukavuka hadi Hispania, na Hispania ilihitaji hadi mwaka 1995 kuutokomeza.

Mwaka 1978 ugonjwa ulifika Jamhuri ya Dominika, kisha ukavuka kuingia Haiti, na kwa mtazamo wangu hakuna watu walioumizwa kuliko Wahaiti, ingawa si virusi pekee vilivyowaumiza. Nguruwe wao wa kienyeji, mdogo, mweusi, aliishi kwa maganda, matunda yaliyodondoka na minyoo ya ardhini. Hakununuliwa chakula. Alikuwa ndiye akiba ya kaya: akiuzwa, mtoto anaingia shule au maiti inazikwa kwa heshima. Kwa kuhofia ugonjwa usifike Marekani, serikali ya Rais Duvalier, kwa msukumo na fedha za kutoka nje, iliamuru nguruwe wote wachinjwe, wazima kwa wagonjwa. Kufikia mwaka 1983 kazi ilikuwa imekwisha. Wakaletewa nguruwe kutoka Marekani waliohitaji banda lenye paa na sakafu, maji safi na chakula cha viwandani ambacho mkulima hakuwa na fedha ya kukinunua. Wahaiti waliwaita wana wa mfalme wenye miguu minne. Wakulima maskini waliishia kuwa na banda zuri kuliko nyumba yao, au bila nguruwe kabisa, na ada za shule zikakosa pa kutoka.

Mwaka 2007 virusi vya aina inayopatikana kusini mashariki mwa Afrika vilitokea Georgia, karibu na bandari ya Poti, na inaaminika vilishuka na mabaki ya chakula cha meli. Kutoka hapo vilipanda Urusi na Ulaya ya Mashariki, na Agosti 2018 vikagundulika Shenyang, China, nchi iliyokuwa na karibu nusu ya nguruwe wote duniani. Uzalishaji wa nyama ya nguruwe nchini humo ulishuka kutoka tani milioni 54 mwaka 2018 hadi chini ya milioni 43 mwaka 2019, bei ikapanda, na serikali ikafungua akiba yake ya nyama iliyogandishwa. Kwa familia ya Kichina ambayo protini yake ya kila siku ni vipande vya nguruwe juu ya wali, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza Kenya ulikuwa umefika mezani. Aina hiyo hiyo ya virusi ilikuwa imekwisha kuingia Tanzania kwa upande wa Kyela kati ya 2010 na 2011, na wafugaji wa Mbeya wanajua maana ya kuamka na kukuta banda kimya.

Kuna mdudu mwingine ambaye nguruwe humpata kwa kula, na huyu hawezi kupita bila kusemwa. Mwaka 1855 Mjerumani Friedrich Küchenmeister alipewa ruhusa kumlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo vifuko vyeupe vilivyotolewa kwenye nyama ya nguruwe, vikiwa vimefichwa kwenye chakula. Mfungwa alipokatwa kichwa siku chache baadaye, daktari alimpasua akakuta tegu wachanga wameshika ukuta wa utumbo. Mfungwa mwenyewe hakuombwa ruhusa. Ni aibu ya sayansi kwamba ukweli huu muhimu ulipatikana kwa njia hiyo.

Mwendo wake ni huu. Mtu mwenye tegu anajisaidia porini, nguruwe anayezurura anakula kinyesi, mayai yanapasuka ndani yake na kuwa vifuko kwenye misuli. Anayekula nyama hiyo bila kuiva anapata tegu tumboni. Wanunuzi wa nguruwe vijijini wanajua kumkagua: wanamlaza, wanapitisha kijiti kinywani, wanauvuta ulimi kwa kitambaa na kupapasa chini yake kwa kidole kutafuta vinundu. Njia hiyo inakamata walioathirika sana tu. Aliye na vifuko vichache anapita.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mayai yenyewe. Yakimezwa na binadamu, kwa mikono isiyonawiwa au mboga zilizopata kinyesi, yanaota vifuko hadi kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo yenye tegu huyu karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wameupata kwa sababu yake. Katika wilaya ya Mbulu, madaktari wa hospitali ya Haydom wamekuwa wakiwaona kwa miaka, watu waliodhaniwa wamerogwa kumbe ubongoni mna vifuko. Wala kutokula nguruwe si kinga. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa wa namna hiyo katika jamii ya Wayahudi wa Kiorthodoksi mjini New York, watu ambao nguruwe ni haramu kwao. Chanzo kilionekana kuwa wafanyakazi wa nyumbani waliokuwa na tegu. Muislamu wa kijijini anayeishi jirani na asiye na choo yumo katika hatari ile ile, hata kama kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, hakijawahi kuingia nyumbani kwake.

Na kitimoto chenyewe, kile kinachokatwakatwa mbele ya mteja Sinza au Iringa, kikakaangwa kwa mafuta yake mwenyewe na kuletwa na ndizi, kachumbari na pilipili, kinamweka mlaji mbele ya uamuzi ule ule wa Mississippi. Mchinjaji ana steki na ana kipande chenye ngozi na shahamu. Mnofu ukiiva hadi ndani, usiwe na wekundu, mlaji amepata protini na thiamini kwa bei ambayo vyakula vichache vinaifikia. Soseji na bekoni ni jambo jingine: mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka nyama za kusindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, ukieleza kuwa gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18.

Upande wa banda, mfugaji mdogo wa leo ana pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa waliovunjika, machicha ya pombe, na makombo ya hoteli. Makombo ndiyo ya bei rahisi, na ndiyo yaliyoiangusha Lisbon. Ulaya ilipiga marufuku kumlisha nguruwe makombo ya jikoni, China ikafuata mwaka 2018. Kwetu marufuku ya namna hiyo ingemfungia mfugaji maskini mlango, kama Haiti. Kanuni za kimataifa za afya ya wanyama zinatambua njia nyingine: makombo yachemshwe kwa joto la nyuzi 90 kwa muda wa saa nzima, yakikorogwa. Hiyo inahitaji pipa, kuni na mtu wa kusimama hapo. Halmashauri zinazokusanya ushuru katika kila nguruwe anayechinjwa zina uwezo wa kununua mapipa hayo na kumlipa bwana mifugo afike bandani kabla ya homa, badala ya kufika baadaye na chokaa ya kumwagia shimo.